Sinia Bila Kawa

Wallahi, billahi, tallahi, haya nitakayoyasema leo ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, ngamia wangu wote wafe kabla jua halijazama.

(Ngamia sina. Soma hadi chini utajua kwa nini.)

Nasikia wapo wanaosema natunga. Mmoja alinisimamisha mlangoni mwa msikiti, viatu mkononi, akaniuliza kama ni kweli punda wangu alisimama katikati ya mpaka kule Diff, miguu ya mbele Somalia, ya nyuma Kenya, akatozwa ushuru na pande zote mbili. Nikamwambia: ndugu yangu, aliyetozwa ni punda. Mimi nilipita bure kwa sababu nilimwachia yeye aongee.

Kwa aliyekuwa amelala majuma yote haya, mambo yalikuwa hivi. Punda aliponifia nilishuka Garissa kwa Batula, dada wa marehemu baba yangu, mwenye hoteli kubwa karibu na soko la mifugo. Kwetu shangazi wa upande wa baba ni Eedo. Na Eedo ukimwendea na njaa hakupi kazi. Anakupa ujamaa kwanza, halafu ujamaa ndio unaokupa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba masinia. Wali na nyama ya ngamia, sinia kichwani juu ya kata, kawa la ukindu limefunika, unawapelekea makarani ofisini na madalali wa ng'ombe sokoni. Ujira wetu ulikuwa mkono wa Eedo ukifunguka, na mkono huo ulikuwa na baridi yabisi. Chakula chetu kilikuwa kile kilichorudi kwenye sinia baada ya alasiri, na wateja wa Garissa hawarudishi kitu.

Halafu Guled, mbebaji hodari kuliko sisi sote, akajikwaa kwenye kizingiti cha jikoni na sufuria ya supu. Mguu ukaungua. Eedo alimpaka asali kwa mikono yake mwenyewe, huku analia machozi ya kweli. Kesho yake akamfukuza.

"Mbebaji mwenye mguu mmoja," alisema, "ni mlaji mwenye midomo miwili."

Ndipo tukaunda Chama cha Wabeba Sinia. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umepita juzijuzi, kila mwenye koti alikuwa na chama, nasi tukaona tusingoje koti. Nikachaguliwa mwenyekiti kwa sababu mimi nilikuwa na sauti na wenzangu walikuwa na haya. Dai letu lilikuwa moja tu: Guled arudi kazini.

Mkutano ulitaka kibali cha Bwana D.O., afisa wa tarafa, na kibali hatukupewa. Lakini msiba hautaki kibali. Basi kila Ijumaa tulikutana nyuma ya zizi la mbuzi kumlilia marehemu Hirsi, mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Tulimlilia vizuri hata majirani wakatuletea sukari.

Hapo ndipo tulipofika. Leo nakiri jinsi mwenyekiti alivyotaka kukiuza chama kwa sinia moja la nundu ya ngamia.

* * *

"Tugome," alisema Warfa, Ijumaa hiyo, midomo ikiwa myeupe kwa sukari ya msiba. "Sinia likae chini. Tuone kama litatembea lenyewe."

"Utamgomeaje Eedo?" nikamwuliza. "Mama yako na yeye walinyonya ziwa moja."

Sote tulikuwa hivyo. Hapakuwa na mbebaji hata mmoja ambaye hakuwa mpwa wa Batula kwa damu, kwa ndoa au kwa maziwa. Guled mwenyewe alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu mumewe. Tajiri mwingine ukimgomea anaita askari. Shangazi ukimgomea anaita wazee, na mama yako anaitwa kuja kulia mbele yao.

Guled alikuwa amekaa kwenye debe, mguu ameunyoosha, kitambaa kimeufunga hadi gotini. Hakupenda maneno mengi.

"Kawa ni la nini?" akauliza.

"Kuzuia nzi," akasema Warfa.

"Nzi wa Garissa wamezuiwa na nini tangu lini? Kawa ni la kuzuia macho. Chakula kikionekana na mtu, mtu huyo amealikwa. Ndiyo heshima yetu. Sasa ukilisahau kawa jikoni?"

"Nitakutana na watu."

"Utawaambiaje?"

"Bismillah, karibuni."

"Nao?"

Warfa akaanza kucheka polepole, kama mtu anayesikia hela mfukoni mwa koti la zamani. "Nao watakaribia."

"Kwa hiyo hakuna anayegoma," akasema Guled. "Tunabeba kama kawaida. Chakula kikiwa kichwani ni cha njia. Kikishatua ndipo kina mwenyewe. Na Eedo atasema nini? Msiwaalike wenye njaa? Mwaka huu wa ukame, watu wanaingia mjini kutoka malishoni mbavu zao zikihesabika? Aseme hayo mbele ya soko zima!"

Je, tulimwuliza sheikh? Hatukumwuliza. Anayeuliza ni yule anayetaka kujibiwa.

Wazo lilikuwa la Guled, lakini mwenyekiti nilikuwa mimi, na mwenyekiti lazima aweke kitu chake. Nikapanda juu ya debe jingine.

"Sikilizeni! Mwanachama akionekana na kawa, ni msaliti! Na mgomo huu umeanza kwa mdomo wa mwenyekiti, utaisha kwa mdomo wa mwenyekiti! Asiusimamishe mtu mwingine yeyote, hata Eedo, hata D.O.!"

"Hata marehemu Hirsi!" akapaza Warfa.

Wakapiga makofi. Msibani. Jirani aliyekuja na majani ya chai akarudi nayo.

* * *

Siku ya kwanza Warfa alipeleka sinia kwa afisa mmoja wa serikali, mtu wa bara, ambaye tumbo lake liliripoti kazini kabla yake. Warfa alipita katikati ya soko la mifugo, sinia wazi, akimwalika kila aliyemtazama. Alifika ofisini mwepesi kama harusi iliyovunjika.

"Nyama iko wapi?" akauliza afisa.

"Iko njiani, mzee."

"Itafika saa ngapi?"

"Ilishafika, mzee. Lakini kwa watu wengine."

"Na hivi ni vitu gani?"

"Ni mifuba hiyo. Bole sana, mzee."

Kiswahili cha Warfa kilikuwa kikimeza kila p na kutema b, kama vile njia ilivyoimeza nyama.

Afisa akaja hotelini kwa miguu yake, na mbele yake akaja mwenye duka, na nyuma yake dalali. Wote hawakulipa, maana kwa Eedo mtu hulipa akishashiba. Lakini kabla hawajafungua midomo, likaingia kundi la akina mama waliohama na mifugo iliyokufa, wakamzunguka Eedo mlangoni.

"Batula, Mungu akuzidishie! Batula, Mungu awaneemeshe marehemu wako! Leo watoto wamekula nyama!"

Eedo akaweka mkono kifuani. "Amin," akasema. "Ni wajibu." Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetafuna shubiri akaambiwa asiteme.

Msomaji, hakuna adhabu kama kusifiwa kwa hasara yako mwenyewe. Mpaka katikati ya juma lililofuata, Batula alikuwa ametajwa kwenye khutba kama mfano wa ukarimu, na makarani walikuwa wameanza kuja kazini na viazi vitamu mfukoni. Jikoni wapishi walicheka ndani ya moshi. Nasi tuliona kurudi kwa Guled kama kitu unachokigusa kwa kidole.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Eedo alikuwa mtoto wa babu yule yule aliyemzaa baba yangu. Ujanja wangu wote niliupata kwa hisani ya ukoo, na yeye alikuwa amechota kwanza.

* * *

Aliniita stoo, akakaa juu ya gunia la mchele.

"Diriye, mtoto wa kaka yangu."

"Naam, Eedo."

"Makawa yangu yameliwa na mchwa?"

"Yapo, Eedo. Ni hili joto tu. Wali unatoka jasho."

"Wali unatoka jasho."

"Sana, Eedo."

"Na Kowsar binti Abdille, naye anatoka jasho?"

Nikatazama miguu yangu. Kowsar alikuwa ameniambia neno moja tu maishani, nalo ni "Sogea," nilipomzibia njia kwenye duka la vitambaa la baba yake. Nilikuwa nimelitafuna neno hilo tangu mvua za masika zilizokataa kunyesha, na utamu wake haukuisha.

"Kesho adhuhuri," akasema Eedo, "wazee wanakaa kwa Abdille kuzungumza habari yako. Baba yako hayupo. Nani atasimama upande wako?"

"Ni wewe, Eedo."

"Mahari yako ni nini?"

"Yule mtamba wangu wa ngamia. Anayelishwa ng'ambo ya daraja."

"Mtamba mmoja mwenye doa shingoni, na mdomo wako. Hiyo ndiyo mali. Kwa hiyo wataangalia sinia. Mwanamume anayetaka binti wa mtu hupimwa kwa sinia la kwanza. Nitaweka nundu nzima, Diriye, na mbavu, na wali wa zabibu. Sasa niambie nimpe nani apeleke. Nimpe Warfa?"

"Hapana, Eedo!" Sauti ilinitoka kabla ya akili.

Akatabasamu. Jino lake la dhahabu likatoka nje kunitazama.

"Basi utalipeleka mwenyewe. Likifika zima, nitasema huyu ni damu yangu. Likifika mifupa, nitasema simjui. Kawa lile pale ukutani. Sikulazimishi, mwenyekiti."

Mwanamke yule! Nikilifunika, chama kimekufa kwa mkono wa mwenyekiti wake na Guled abaki kwenye debe maisha. Nisipolifunika, Kowsar ameolewa na mtu mwingine. Yeye Eedo, pande zote alikuwa amekaa.

Nilifikiri kwa kina. Kina chenyewe hakikuwa kirefu. Nikalichukua kawa.

* * *

Sikupita sokoni. Nilizunguka kwa njia ya mtoni, nyuma ya mashamba ya migomba, ambako mchana ule hapapiti mtu. Nilijiambia: kula kwa siri ni kama kura ya siri, hakuharibu jina la mtu.

Lakini korongo wa Garissa mnawajua. Wale ndege warefu wenye upara, wanaotembea mikono nyuma kama wazee waliostaafu wanaofuatilia faili zao. Mmoja alinusa nundu, akanifuata. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nilipogeuka tena walikuwa msafara, wamepanga mstari, wa mbele kabisa akiwa na uso wa mtu anayetaka kutoa hotuba.

Halafu jua likafanya kazi yake. Nundu ni mafuta, na mafuta hayana siri. Yakayeyuka, yakafurika ukingo wa sinia, yakaanza kunitiririka kwenye paji, shavuni, hadi ndevuni. Nilikuwa nang'aa kama bwana harusi.

Nikapinda kona ya mgomba wa mwisho, na mbele yangu, wameshuka mtoni kutawadha, palikuwa na chama chote.

"Waryaa, mwenyekiti!" akaita Warfa, suruali imekunjwa magotini. "Mbona mbio? Na hao nyuma yako ni wanachama wapya?"

"Siwajui. Wananifuata tu."

"Umebeba nini?"

"Nguo."

"Kwenye sinia?"

"Nguo za marehemu."

"Innalillahi!" Wote wakainua mikono pamoja. Watu wema. "Marehemu nani?"

Hapo, msomaji, akili yangu ikakimbia huku na huku kutafuta maiti, na maiti niliyemjua vizuri alikuwa mmoja tu.

"Hirsi," nikasema.

Korongo wa mbele alifunga mdomo.

Guled alikuwa amekaa kwenye jiwe, anaumwagia maji mguu wake. Hakuinua kichwa.

"Hirsi yupi?"

"Yule... wa Ijumaa."

"Hirsi wa Ijumaa amekufa mara nyingi," akasema Guled taratibu, "lakini leo ni Jumanne. Na hajawahi kunuka nundu."

Warfa akanisogelea, akapitisha kidole shavuni kwangu, akakilamba. Akafumba macho.

"Nundu. Ya mnyama kijana. Na kuna zabibu." Akafumbua. "Nani alisema mwanachama akionekana na kawa ni msaliti?"

"Mimi."

"Alisema kwa sauti gani?"

"Kubwa."

Nikaona uongo umeniishia, nikajaribu ukweli. Nikawaeleza yote: Kowsar, Abdille, wazee, na shangazi kwenye gunia. Nikawaambia hata lile neno, "Sogea." Nilitumaini watalia.

"Mashallah!" akasema Warfa, akanikumbatia hadi sinia likayumba. "Mwenyekiti anaoa! Hongera! Fungua tukupongeze."

"Warfa, nakuomba."

"Mwacheni," akasema Guled. Alisimama, uzito wote kwenye mguu mzima. "Simlaumu. Diriye umefunika kwa ajili ya mke. Mimi pia nina mke. Wako utampata ukifika na chakula. Wangu amezoea nifike bila. Pita, ndugu yangu. Njia ni yako. Kesho sote tutafunika, na jambo hili liishe."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepita.

Ningependa kuandika kwamba hapo moyo wangu uliamka, nikalivua kawa kwa mkono wangu kama simba. Lakini nimeapa. Korongo yule wa mbele alinyoosha shingo, akalikamata kawa kwa mdomo, akalivuta. Wapo wanaosema mkono wangu ndio uliotangulia. Sitabishana na mkono wangu. Ninachojua ni kwamba kawa lilikuwa mchangani, nundu ilikuwa juani, na macho yote ya Chama cha Wabeba Sinia yalikuwa juu yake.

Chakula kimeonekana.

"Bismillah," nikasema, kama mtu anayejisomea hukumu. "Karibuni."

Wachungaji waliokuwa wakinywesha mbuzi upande wa chini wakasikia. Wakaja na wao. Heshima ni heshima. Nundu ilikwisha kama ahadi ya uchaguzi: ilionekana kubwa, halafu kila mtu anamwuliza mwenzake ilikwenda wapi. Guled peke yake hakula. Alilichukua kawa, akalipangusa mchanga, akanirudishia kwa mikono miwili.

* * *

Nilifika kwa Abdille sinia limefunikwa vizuri, kwa adabu zote. Chini ya kawa mlikuwa na mbavu zilizosafishwa, konzi ya wali, na unyoya mmoja.

Wazee walikuwa wameshanawa. Walikaa mikono juu, maji yakidondoka viwikoni, kama watu wanaoomba mvua. Abdille alikuwa mtu mwembamba mwenye ndevu za hina, aliyetumia maneno kama anayekata kitambaa: anapima kwanza. Eedo alikaa karibu na mlango. Nyuma ya pazia palikuwa na wanawake, na nyuma ya wanawake, nilijua, alikuwako yeye.

Abdille akalifunua sinia. Akatazama. Akauchukua unyoya kwa vidole viwili, akauinua kwenye mwanga.

"Huu ni wa nini?"

"Wa korongo, adeer, ami yangu."

"Alialikwa?"

"Alijialika, adeer."

"Na sisi?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba na safi:

"Baba, mwulize kama korongo alinawa."

Wanawake wakaangua kicheko. Hiyo ilikuwa mara ya pili kwa Kowsar kusema maneno juu yangu. Yalikuwa mengi kuliko "Sogea", na nilijiona nimesonga mbele.

Wazee hawakucheka. Kumnawisha mzee mikono halafu ukampa mifupa ni tusi, na tusi kwetu lina bei. Inaitwa haal: aliyekosa humtoa mnyama, aliyekosewa hula, na moyo unarudi mahali pake.

"Kijana huyu ni wa nani?" akauliza mzee mmoja.

"Simjui," akasema Eedo, kama alivyoahidi.

"Ana mnyama?"

"Ana mtamba wa ngamia, ng'ambo ya daraja, mwenye doa jeupe shingoni."

"Mbona unajua, na wewe humjui?"

"Ngamia namjua."

Wakakubaliana. Mahari yangu ilivuka daraja jioni ile ile kwa miguu yake minne, ikitafuna, haijui lolote. Asubuhi ikachinjwa. Sehemu nono za wazee Eedo alizitenga kwa sinia moja kubwa, nundu juu kama kuba la msikiti. Nyama iliyobaki akaiingiza hotelini, kwa hifadhi, alisema.

Sasa unajua habari ya ngamia wangu.

* * *

Asubuhi hiyo hiyo alituita sote jikoni.

"Mmenichosha," akasema. "Nimesifiwa mpaka nakaribia kufilisika. Guled arudi kazini, leo hii. Mmeshinda."

Kelele zilizopigwa zilitikisa masizi ya dari. Warfa alimbeba Guled mgongoni. Hata mimi nilisahau ngamia wangu, nikaruka.

"Lakini wabebaji wametosha," Eedo akaendelea. "Akiingia mmoja, atoke mmoja."

Wote wakaacha kuruka. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama.

"Eedo," nikasema, "chama kimeshinda!"

"Chama kimeshinda. Mwenyekiti ameshindwa. Ni vitu viwili, usivichanganye."

Nikamtazama Warfa. Warfa, wallahi, alikuwa na machozi. Akanikumbatia kwa nguvu, na akiwa bado amenikumbatia akaichukua kata begani mwangu.

"Hii ni mali ya chama," akaninong'oneza.

Basi adhuhuri nikaenda kwa Abdille mikono mitupu, nikakaa karibu na mlango, mahali pa aliyekosa. Wazee wakanawa. Abdille akanipima kwa macho kwa muda, kisha akakata kitambaa chake.

"Diriye. Mtu aliyetoa alichokuwa nacho si mtu bure. Leo sinia likitua zima mbele ya wazee hawa, yale mazungumzo ya jana tunayafungua upya."

Nyuma ya pazia, sauti ile ile:

"Baba, mimi niandae mikono kwa hina au ningoje kwanza?"

Nilipaona peponi kwa macho haya. Nikamgeukia Eedo, nikamnong'oneza:

"Umempa nani alete?"

"Mbebaji bora kuliko wote. Guled."

"Alhamdulillahi. Na kawa?"

Eedo akanitazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, na sitaki kuiona tena.

"Nilimpa mkononi. Akakataa. Akasema ni kanuni ya chama. Mgomo uliisha lini, Diriye? Nani aliutangaza?"

Nikafungua mdomo. Mdomo huu huu. Tangu asubuhi, kwa hasira ya kata yangu, nilikuwa nimekaa kimya kwa makusudi, sikutangaza kuwa mgomo umeisha.

Nikaruka niende njiani.

"Kaa," akasema Abdille, bila kuinua sauti. "Kwangu mgeni hatoki kabla chakula hakijaingia."

Nikakaa. Mikono ya wazee ilikuwa juu, ikidondoka maji. Na kutoka mbali, upande wa soko la mifugo, ikaja sauti ya mtu mwaminifu, mwenye kuchechemea, aliyerudi kazini kwa furaha:

"Bismillah! Karibuni, jamani, karibuni!"

Na juu ya paa la Abdille, moja baada ya jingine, nikasikia mabawa mazito ya korongo yakipaa kuelekea sokoni.